Gresham College: Karne Nne za Mihadhara ya Bure London

Sir Thomas Gresham alikuwa na kazi ya kuwakopea wafalme. Kwa miaka mingi aliishi akienda na kurudi kati ya London na Antwerp, mji uliokuwa kitovu cha fedha katika Ulaya ya kaskazini, akiitafutia mikopo hazina ya Uingereza: kwanza chini ya Mfalme Edward wa Sita, kisha Malkia Mary, kisha Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kazi hiyo ilimtajirisha. Wanaosoma uchumi wanamjua kwa ile kanuni ya kwamba pesa mbaya huifukuza pesa nzuri, ingawa jina lake lilibandikwa hapo mwaka 1858 na mtu mwingine kabisa, naye Gresham alikuwa kaburini karibu miaka 280.

Huko Antwerp aliona kitu ambacho London haikuwa nacho: jengo maalumu la wafanyabiashara kukutana na kupatana. Wenzake wa London walifanya mambo yao wakiwa wamesimama barabarani, Lombard Street, mvua ikinyesha wamo, jua likiwaka wamo. Akajenga la London kwa fedha zake, juu ya kiwanja alichopewa na Jiji, na Januari 1571 Malkia Elizabeth alilifungua na kuliita Royal Exchange. Juu yake alisimamishwa panzi, alama ya ukoo wa Gresham. Ghorofani kulikuwa na maduka ya kupangisha, na kodi ya maduka hayo ndiyo iliyozaa chuo tunachokikumbuka hapa.

Mwanawe wa pekee wa kiume alifariki mwaka 1564. Mwaka 1575 Gresham aliandika wosia. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana, maana ni jambo analolijua kwa jina la wakfu: mali inafungwa isiuzwe, na kinachotoka katika mali hiyo kinalisha kazi ya kheri. Nusu ya Royal Exchange aliipa Halmashauri ya Jiji la London, na nusu ya pili akaipa Mercers, chama kikongwe cha wafanyabiashara wa vitambaa ambacho yeye mwenyewe alikuwa mwanachama wake. Sharti lilikuwa kwamba kwa kodi hiyo wateue wasomi saba: wa theolojia, falaki, muziki, jiometri, sheria, tiba na balagha. Wanne wa kwanza wateuliwe na Jiji, watatu wa mwisho na Mercers. Kila mmoja alipwe pauni 50 kwa mwaka. Wakae katika jumba la Gresham mwenyewe lililokuwa Bishopsgate. Wasiwe na wake. Nao wawafundishe watu bila kutoza chochote.

Pauni 50 zilikuwa fedha nzuri. Maprofesa waliowekwa na mfalme pale Oxford na Cambridge walilipwa 40. Uingereza nzima wakati ule ilikuwa na vyuo vikuu hivyo viwili tu, na London, mji uliovizidi vijiji vya wasomi hao kwa kila kitu kingine, haikuwa nacho hata kimoja. Ingesubiri mpaka karne ya 19. Cambridge, ambako Gresham aliwahi kusoma, ilikuwa na matumaini kwamba utajiri wake ungeelekea huko, na iliposikia habari za London haikufurahi. Mzee hakubadili neno.

Alikufa ghafla Novemba 1579. Wosia ulimpa mkewe, Lady Anne, haki ya kukaa katika jumba na kula kodi maisha yake yote, naye akaishi miaka mingine 17. Kwa hiyo ni mwaka 1597 ndipo maprofesa saba wa kwanza walipoingia Bishopsgate na masanduku yao ya vitabu.

Wasimamizi wa wosia walikuwa wafanyabiashara, na kanuni walizoziandika zinaonyesha vichwa vya wafanyabiashara. Lugha ya elimu ilikuwa Kilatini. Profesa aliyefundisha kwa lugha nyingine alionekana kama amevua joho. Lakini wenye maduka, manahodha na mafundi wa London hawakujua Kilatini. Suluhu ikawa kila mhadhara utolewe mara mbili: kwa Kilatini asubuhi, kwa ajili ya wasomi na wageni wa kutoka nje, na kwa Kiingereza mchana, kwa ajili ya wenyeji. Kila somo likapewa siku yake katika wiki. Profesa wa falaki aliagizwa asiishie katika mizunguko ya sayari. Afundishe pia namna ya kutumia vyombo vya kupimia jua na nyota, kwa kiwango ambacho mabaharia wangeelewa. Wa muziki aliagizwa agawanye saa yake, sehemu nadharia, sehemu kuimba na kupiga ala.

Huyo wa muziki alikuwa John Bull, mpigaji kinanda hodari kuliko wote nchini, aliyependekezwa na Malkia mwenyewe. Kilatini hakukimudu. Badala ya kumkosa, wasimamizi wakamruhusu afundishe kwa Kiingereza peke yake. Alidumu miaka kumi tu. Mwaka 1607 alilazimika kuoa haraka, kwa sababu ambazo majirani walizielewa, na sharti la wosia likamtoa. Waliomfuata katika kiti cha muziki kwa zaidi ya karne moja na nusu hawakuwa wanamuziki hasa. Wengi walikuwa waganga. William Petty, aliyekishika mwaka 1651, alikuwa mwalimu wa anatomia, na dunia inamkumbuka kama mmoja wa waanzilishi wa elimu ya uchumi. Kwa muziki hakumbukwi.

Lakini kiti cha jiometri kilianza vizuri mno. Alikikalia Henry Briggs, mtu wa Yorkshire, mkimya, mpole, asiyejali kusifiwa. Mwaka 1614 kilitoka Edinburgh kitabu cha bwana mmoja wa Scotland, John Napier, kilichoeleza namna ya kugeuza kuzidisha kuwe kujumlisha. Yeyote aliyewahi kukokotoa nafasi ya meli baharini kwa mkono anajua maana yake: hesabu ya saa nzima inakuwa ya dakika chache. Briggs alikisoma akakosa usingizi. Akawafundisha wasikilizaji wake wa Gresham, na katika kuwafundisha akaona kwamba jedwali za Napier zingekuwa rahisi zaidi kama zingejengwa juu ya namba 10. Hoja hiyo aliitoa mbele ya hadhira yake ya London kabla hajaipeleka kwa mwenyewe. Kisha, kiangazi cha 1615, akafunga safari ya kwenda Edinburgh kumwona Napier. Inasimuliwa kwamba walipokutana walitazamana karibu robo saa nzima bila kusema neno. Napier akakubali hoja ya 10. Alifariki mwaka 1617, na mwaka huohuo Briggs akachapisha logarithimu za namba 1 mpaka 1,000, kila moja ikiwa na tarakimu 14 baada ya nukta. Mwaka 1624 akaongeza maelfu mengine mengi, zote akizikokotoa kwa kalamu na karatasi.

Wasomaji wetu wa umri fulani, waliofanya mtihani wa hesabu kabla vikokotoo havijaruhusiwa madarasani, walibeba kijitabu chembamba cha jedwali za tarakimu nne. Zile "logi" zilikuwa za Briggs. Mzigo ule ulitoka Bishopsgate.

Rafiki yake Edmund Gunter akapewa kiti cha falaki mwaka 1619. Gunter alikuwa fundi wa vyombo kuliko mwanafalsafa. Alizichora logi za Briggs juu ya ubao wa mti, hivi kwamba baharia asiyejua kuzidisha angeweza kupata jibu kwa bikari tu, akipima umbali kutoka alama hadi alama. Ubao huo ulitumika melini kwa zaidi ya miaka 200. Akatengeneza pia mnyororo wa kupimia ardhi: futi 66, vipande 100. Kwa nini 66? Kwa sababu ukizidisha mnyororo mmoja kwa mnyororo mmoja, mara 10, unapata ekari moja kamili bila sehemu wala masalio. Ekari yenyewe ilikuwepo kabla yake. Alichofanya ni kuirahisisha, na mnyororo ukasafiri pamoja na wapimaji wa Dola ya Kiingereza kote ilikokwenda. Anayenunua ekari mbili Kibaha au Kitale leo anapimiwa kwa GPS, lakini futi za mraba 43,560 zilizomo katika kila ekari bado ni mraba wa mnyororo wa Gunter mara 10.

Gunter alikufa mwaka 1626 na Henry Gellibrand akashika nafasi yake. Huyu aligundua jambo dogo la kutisha. Dira haielekei kaskazini kamili. Hupotoka kidogo, na mabaharia walikuwa wakilisahihisha kosa hilo wakiamini kwamba mahali pamoja kosa ni lilelile siku zote. Karibu na mto Thames mwaka 1580 lilipimwa likawa digrii 11 na robo. Gunter alipopima mwaka 1622 alipata kama digrii 6, akadhani labda waliomtangulia walikosea. Gellibrand akapima mwaka 1634 akapata kama digrii 4. Hakumlaumu mtu. Alisema sumaku ya dunia yenyewe inabadilika. Angalia jinsi jambo hilo lilivyowezekana: watu wawili walikikalia kiti kimoja, mmoja baada ya mwingine, katika nyumba moja, na vipimo vya aliyetangulia vilikuwa mkononi mwa aliyefuata. Nadhani hiyo ndiyo faida ya taasisi ambayo watu huisahau wanapohesabu majina makubwa tu.

Na majina makubwa yalikuja. Jumatano ya tarehe 28 Novemba 1660, Christopher Wren, kijana wa miaka 28 na profesa wa falaki, alitoa mhadhara wake wa kawaida. Baada yake watu kumi na wawili walikwenda katika chumba cha Lawrence Rooke, profesa wa jiometri, kuzungumza. Wakakubaliana wawe wanakutana kila Jumatano saa tisa alasiri, kila mmoja atoe shilingi kumi za kiingilio na shilingi moja kwa wiki, ili kuendeleza elimu kwa njia ya majaribio. Kikao hicho ndicho kilichozaa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ambayo ingekuja kuongozwa na Newton. Miaka yake ya kwanza yote ilikuwa mgeni wa Gresham, kiasi kwamba watu wa mjini waliita jumuiya yenyewe "Gresham College". Samuel Pepys ameandika katika shajara yake, Februari 1664, jinsi Mfalme Charles wa Pili alivyowacheka watu wa Gresham kwa kupoteza wakati kupima uzito wa hewa. Waliendelea kuipima.

Kati ya majina hayo makubwa, aliyekaa muda mrefu zaidi ni Robert Hooke: profesa wa jiometri tangu 1665 mpaka alipofia humohumo mwaka 1703, mzee mgonjwa, mgomvi, asiyeoa. Kwake chuo kilikuwa nyumba, karakana na maabara. Mwaka 1669 alitoboa paa la chumba chake akasimamisha darubini ya futi 36 iliyotazama juu moja kwa moja, akivizia nyota moja ya kundi la Draco inapopita utosini mwa London. Alitaka kuona kama nyota hiyo ingeonekana imesogea kadiri miezi inavyopita, jambo ambalo lingethibitisha kwamba dunia inalizunguka jua. Alipima mara chache, akaugua, darubini ikaharibika, naye akatangaza kwamba ameiona ikisogea. Hakuwa ameiona. Lakini waliojaribu kurudia kazi yake miaka ya 1720 waligundua jambo jingine lililothibitisha mwendo wa dunia kwa njia ambayo Hooke hakuiota.

Moto mkubwa wa Septemba 1666 ulipokula London, Royal Exchange iliteketea. Chuo kilinusurika. Matumizi ya jumba yakabadilika ghafla: meya na maofisa wa Jiji wakahamia humo, wafanyabiashara wakaugeuza ua wake kuwa soko lao, na Royal Society ikatafuta hifadhi kwingine kwa miaka kadhaa. Hooke na Wren wakaingia katika kazi ya kuujenga mji upya, Hooke akiwa mpimaji wa Jiji. Ukiisoma habari hiyo katika vitabu vya kawaida inaonekana ni wakati wa fahari. Kwa chuo ilikuwa mwanzo wa njaa. Soko jipya liligharimu fedha nyingi kuliko zile wosia ulizokadiria, wasimamizi wakakopa, na kodi iliyopaswa kuhudumia mihadhara ikawa inahudumia deni.

Yaliyofuata katika karne ya 18 hayapendezi kusimuliwa katika makala ya kumbukumbu, lakini yasiposimuliwa hatuelewi kwa nini chuo bado kipo. Royal Society ilihama moja kwa moja mwaka 1710. Maprofesa wakagundua kwamba mshahara wao hautegemei idadi ya wasikilizaji. Wengine walituma manaibu. Wengine walisoma mhadhara uleule mwaka hadi mwaka, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza. Walikuwapo waaminifu, kama John Ward wa balagha, aliyeandika maisha ya wenzake wote waliomtangulia na kuyachapisha mwaka 1740. Bila kitabu chake nusu ya haya tungekuwa hatuyajui. Lakini jumba lilichakaa. Mwaka 1768 Bunge likapitisha sheria, serikali ikakichukua kiwanja kwa kodi ya pauni 500 kwa mwaka, jumba la Gresham likabomolewa na mahali pake pakajengwa ofisi ya ushuru. Maprofesa walifidiwa nyumba kwa fedha, mshahara ukafika pauni 100, na hatimaye wakaruhusiwa kuoa. Mihadhara ikahamishiwa katika chumba kimoja juu ya Royal Exchange, na wachache mno walipanda ngazi kuisikiliza.

Dakta Samuel Johnson, aliyetunga kamusi maarufu ya Kiingereza, alikuwa na maelezo yake, na rafiki yake Boswell ameyahifadhi. Kosa, alisema Johnson, ni ubure wenyewe. Kama maprofesa wangeruhusiwa kumtoza kila msikilizaji peni sita, wangeshindana kuwapata. Kwa kuwa hawapati kitu, wakafanya kila wawezalo ili asije mtu.

Ni hoja kali, na hata leo wapo wanaoirudia kila inapozungumzwa elimu ya bure. Mimi naona inashindwa na historia ya chuo hichohicho. Briggs hakupokea peni sita kwa mtu yeyote. Gunter wala Gellibrand vilevile. Mshahara wao ulikuwa uleule wa pauni 50, uje umati au usije hata mmoja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kitu ambacho watu wa bandarini walikihitaji, wakakisema kwa lugha ya bandarini. Waliowafuata walishika desturi wakaacha sababu yake. Mhadhara wa Kilatini ulioandaliwa kwa ajili ya wageni wa mwaka 1597 ulikuwa bado unasomwa miaka 200 baadaye, mchana wa siku ya kazi, katika mtaa uliojaa makarani na madalali wasioweza kuacha meza zao. Mtu akitaka kuhakikisha hasikilizwi, hana haja ya kutafuta njia bora kuliko hiyo.

Ushahidi zaidi ulikuja katika karne ya 19. Mwaka 1837 kiti cha muziki kilipewa Edward Taylor, mwimbaji hasa, akafundisha kwa Kiingereza na kuwaleta waimbaji wakaimba nyimbo alizokuwa anazieleza. Watu wakaja. Hakutoza peni. Januari 1838 Royal Exchange ikaungua kwa mara ya pili, na safari hii msiba ulileta kheri: wasimamizi waliamua kukijengea chuo nyumba yake chenyewe, kwenye kona ya Gresham Street na Basinghall Street, nayo ikafunguliwa mwaka 1843. Ilikuwa na ukumbi wa mihadhara uliopangwa viti kwa ngazi. Mihadhara ya Kiingereza ikawekwa jioni, karani akishafunga daftari lake. Kilatini kikafifia chenyewe, hakuna aliyekililia.

Jioni hizo ndizo zilizompata Karl Pearson. Alikuwa profesa wa hisabati chuo kikuu cha London, na mwaka 1890 aliteuliwa pia kushika kiti cha jiometri cha Gresham. Wasikilizaji wake walikuwa makarani, watu wa bima, wafanyakazi wa mabenki na mafundi: watu wanaoshinda na namba mchana kutwa lakini wasio na hisabati ya juu. Hakuweza kuwapa milinganyo. Akalazimika kutafuta njia ya kuionyesha bahati kwa macho. Alileta sarafu 10,000 za peni akazimwaga sakafuni, wasikilizaji wakainama kuzihesabu, vichwa upande huu, mikia upande ule. Jibu lilikaribia nusu kwa nusu, lakini halikuwa nusu kamili, na tofauti ile ndogo ndiyo iliyokuwa somo. Alitumia kete, karata, na matokeo ya gurudumu la kamari la Monte Carlo yaliyokuwa yakichapishwa magazetini, akagundua kwamba hayafanani hata kidogo na yale ambayo bahati ya kweli ingetoa.

Katika mihadhara hiyo, mwaka 1891, Pearson aliipa jina histogramu, ile michoro ya nguzo zinazosimama bega kwa bega ambayo kila ripoti ya sensa inayo. Mwaka 1893, katika mhadhara mwingine, akakipa jina kile kipimo cha kuonyesha data zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake, ambacho wanafunzi wa takwimu wanakiita mkengeuko sanifu. Kwa hiyo vitu viwili ambavyo hakuna anayemaliza chuo kikuu leo bila kukutana navyo, kuanzia daktari mpaka mwanauchumi, vilitamkwa hadharani mara ya kwanza kwa watu waliotoka kazini, walioingia bure, na ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akitafuta shahada.

Hili la shahada nalisisitiza kwa sababu ndilo linalokitenga chuo hiki. Gresham haijawahi kutoa cheti. Haina mtihani, haina orodha ya wanafunzi. Ilipoanzishwa University of London mwaka 1836, na baadaye vyuo vya jioni vya mafundi, wengi waliona Gresham imekwisha kazi yake, na kulikuwa na mipango kadhaa ya kuiunganisha na chuo kikuu hiki au kile. Haikufika popote. Wosia ulikuwa mgumu kuupinda, na wasimamizi wake wawili, Jiji na Mercers, walikuwa wagumu zaidi.

Karne ya 20 tunaweza kuipita upesi. Jengo lilijengwa upya kabla tu ya Vita vya Kwanza. Vita vya Pili vilisimamisha mihadhara kwa miaka yote ya mapigano, ikarudi baadaye ikiwa na wasikilizaji wachache na wazee. Miaka ya 1980 ikaleta kiti cha nane, cha biashara, kitu ambacho Gresham mwenyewe angeshangaa kilichelewa kiasi gani. Mwaka 1991 chuo kilihamia kilipo sasa: Barnard's Inn Hall, ukumbi wa karne ya 14 uliofichika nyuma ya barabara ya Holborn, palepale ambapo Dickens alimpangisha Pip, kijana wake wa Great Expectations. Heather Couper akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha falaki, 1993 mpaka 1996. Sarah Hart akawa wa kwanza katika kiti cha Briggs na Hooke mwaka 2020. Na John Barrow aliyeshika falaki kisha jiometri akawa mtu wa pili tu kuvikalia viti viwili tofauti. Wa kwanza alikuwa Rooke, mwenye kile chumba cha Novemba 1660.

Siku hizi profesa wa Gresham ana kazi yake kwingine, chuo kikuu au hospitali, naye hushika kiti kwa miaka michache tu akitoa mihadhara kama sita kwa mwaka. Hilo limeondoa ugonjwa wa karne ya 18: hakuna anayezeeka kwenye kiti. Mhadhara hauzidi saa moja, maswali yamo humo. Mwezi Oktoba 2018 profesa mpya wa tiba, Chris Whitty, alizungumza jioni moja juu ya namna ya kudhibiti mlipuko wa ugonjwa: ugonjwa unapitia njia gani, kwa hewa, maji, mguso au wadudu, na kwamba njia ndiyo inayoamua hatua za kuchukua. Ulikuwa mhadhara kama mingine. Mwaka uliofuata akawa mganga mkuu wa serikali ya Uingereza, na mapema mwaka 2020 nchi nzima ikawa inamsikiliza kila jioni akieleza mambo hayohayo.

Mihadhara hiyo hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, bure kama ile ya ukumbini, kwa hiyo mwenye simu na bando aliyeko Tanga au Bukavu anaweza kuisikiliza anayoitaka. Jiji la London na Mercers bado ndio wanaoigharamia. Kwetu pia wapo wenye nyumba za kupangisha ambao wangependa kodi yake ifundishe watu baada yao. Wanapokaa na mwanasheria au kadhi kuandika hayo, nawaomba wasiishie kwenye kiasi cha mshahara wa mwalimu. Waandike pia kwamba afundishe jioni, watu wakishatoka kazini, na afundishe kwa lugha wanayoisema wakiwa sokoni.